Namba 31 kwenye daftari la mahudhurio

Namba 31 alihudhuria siku kumi na moja. Kuanzia siku ya kumi na mbili mstari wake kwenye daftari ni viduara vitupu, kimoja baada ya kingine, mpaka ukurasa unapokwisha. Nilipoandika ripoti yangu ya kwanza kuhusu kituo kile niliuona mstari huo na sikuuliza kitu. Nilimwondoa tu kwenye hesabu. Hakuwepo siku ya jaribio la mwisho, na mtoto asiye na alama ya mwisho huwezi kumkokotolea maendeleo.

Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi. Tangu nilipoacha kushika chaki, kazi yangu ni kutathmini programu ndogo za kujifunza baada ya masomo, zile ambazo watu wa mtaa mmoja wanatafuta chumba, wanapata walimu wachache wa kujitolea, wanakusanya watoto alasiri, na baada ya mwaka mfadhili anauliza: je, inasaidia? Swali hilo naliheshimu. Alasiri ya mtoto ni kitu kikubwa. Ukiichukua saa mbili, siku tatu kwa wiki, umechukua muda ambao angecheza, angepumzika au angekaa na ndugu zake, kwa hiyo una wajibu wa kujua umempa nini badala yake.

Kituo ninachokieleza kilikuwa kikifunguliwa saa tisa na nusu na kufungwa saa kumi na moja na nusu. Watoto 68 waliletwa siku ya kujiandikisha. Nafasi zilikuwa 54, zikapewa waliowahi foleni, na 14 wakaingia kwenye orodha ya kusubiri. Wote 68 walifanya jaribio la kusoma na hesabu siku hiyohiyo, kabla hatujajua nani atapata nafasi. Hilo lilitokea kwa sababu ya urahisi tu, walikuwa wameshakusanyika, lakini ndilo lililoniokoa baadaye.

Mwisho wa mwaka nikaandika kwamba wastani umepanda kutoka 41 hadi 53 kati ya 100. Nikaongeza kwamba wazazi 33 kati ya 35 waliojaza fomu ya maoni wameridhika sana. Ripoti ikasomwa kwenye mkutano wa wazazi, walimu wa kujitolea wakapigiwa makofi, na walistahili. Watu wakaanza kutawanyika. Nilikuwa nakusanya karatasi zangu bibi mmoja akanijia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema:

"Mwalimu, nimezisikia hesabu zako. Wajukuu zangu walikuwa wawili humu. Mmoja ndiye huyo aliyesoma shairi mkampigia makofi. Mdogo wake aliacha, muhula haujafika hata katikati. Huyo umemhesabu wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikumhesabu.

"Basi hujamaliza, mwanangu."

Nikarudi nyumbani na daftari. Nilichokiona usiku ule ninakiandika hapa chote, kwa sababu nimeshakutana na ripoti nyingi zenye kosa lilelile na nadhani waandishi wake ni watu waaminifu kama nilivyokuwa mimi.

Ile 41 ilikuwa wastani wa watoto wote 54 siku ya kwanza. Ile 53 ilikuwa wastani wa watoto 35 tu, waliokuwa bado wapo siku ya mwisho. Nilikuwa nimelinganisha makundi mawili ya watu. Nikawachukua wale 35 peke yao na kutazama walianza na ngapi: 46. Wale 19 walioacha walianza na 32. Kwa hiyo alama tano kati ya zile kumi na mbili nilizozitangaza hazikutokana na mafundisho ya mtu yeyote. Zilitokana na kuondoka kwa watoto dhaifu. Kituo kingeweza kufunga mlango, kuwaacha wale 35 wakae wakitazamana mwaka mzima, na bado ripoti yangu ingeonyesha kwamba wastani "umepanda" kutoka 41 hadi 46.

Zikabaki alama saba. Hizo nazo nikaanza kuzitilia shaka. Watoto hawa walikuwa wakienda shule kila asubuhi. Walikuwa wamekua kwa mwaka mzima. Tena mzazi humleta mtoto kwenye masomo ya ziada pale anapoona mambo yameharibika, yaani mtihani umekwenda vibaya kuliko kawaida yake, na mtihani ulioharibika kuliko kawaida mara nyingi hufuatwa na mwingine ulio karibu na kawaida, programu iwepo isiwepo. Atakayepima kabla na baada, bila kitu cha kulinganisha, atajipa sifa ya kupona ambako kungekuja kwenyewe.

Ndipo nikawakumbuka wale 14 wa orodha ya kusubiri. Niliwaomba wazazi wao, nikawapima kwa jaribio lilelile. Walianza na wastani wa 43, wakafika 48. Alama tano, bila kukanyaga kituoni.

Saba dhidi ya tano. Alama kumi na mbili zilizopigiwa makofi zilikuwa zimebaki mbili, na hata hizo mbili, kwa watoto 35 upande mmoja na 14 upande mwingine, zinaweza kuwa ni bahati tu. Zaidi ya hayo waliopata nafasi ni waliowahi foleni, na mzazi anayewahi foleni huenda ndiye anayekagua madaftari jioni. Nafasi zingegawanywa kwa kura ya bahati nasibu ningeweza kusema neno lenye uzito. Tangu hapo nimekuwa nikiwaomba wanakamati jambo moja: mkiwa na watoto wengi kuliko nafasi, pigeni kura. Ni haki zaidi kwa mzazi anayechelewa kutoka kazini, na inakupa kundi la kulinganisha bila gharama yoyote. Wengine hukataa kwa sababu wanaona kura ni kucheza na bahati ya watoto. Mimi naona foleni ndiyo inayocheza na bahati yao, kwa sababu inampendelea mwenye nafasi ya kuwahi.

Lakini hesabu hizi hazikuwa zimejibu swali la bibi. Alitaka kujua mjukuu wake yuko wapi, kwa hiyo nikaanza kuwatafuta wale 19.

Ilinichukua wiki sita za Jumamosi. Nikawapata 16. Wawili walikuwa wamehamia shule za mbali. Watatu waliacha kwa sababu ya njia: kituo kilifungwa saa kumi na moja na nusu, na kwa aliyekaa mbali giza lilimkuta njiani. Wanne walihitajika nyumbani kulea wadogo zao, na mmoja wao aliniambia alishawahi kumleta mdogo wake kituoni akaambiwa huyo hajaandikishwa. Hawa saba nina machache ya kusema juu yao, kwa sababu majibu yapo wazi: funga nusu saa mapema, weka mkeka pembeni kwa wadogo, mtu mzima mmoja awasindikize wa upande ule. Nimeona vituo vikibadilisha mambo hayo kwa wiki moja.

Saba hawakuwa hivyo. Waliacha kwa sababu ya kilichotokea ndani ya chumba. Na saba hawa, pamoja na wengine wanne kati ya walioacha, walikuwa wa kundi moja ambalo siku ya kwanza halikuweza kusoma hata neno zima. Watoto wa aina hiyo walikuwa 17 tulipoanza. Kumi na mmoja waliondoka, sita wakabaki. Kituo kilianzishwa kwa ajili ya hao hasa. Barua ya kuomba fedha ilisema hivyo.

Namba 31 alikuwa na miaka tisa. Bibi yake alitukalisha barazani, akatuacha. Sikumwuliza kwa nini aliacha, maana mtoto akiulizwa kwa nini husikia kwamba amekosa. Nilimwuliza siku moja ya kituoni ilikuwaje, tangu kuingia hadi kutoka, naye akanieleza kwa mpangilio mzuri kuliko watu wazima wengi ninaowahoji. Kuingia, kusalimiana, wimbo, kisha kusoma.

"Tunasoma kwa zamu. Kila mtu mstari wake."

"Wewe ulikuwa unasomaje?"

"Nahesabu watoto. Nikijua wangapi kabla yangu najua mstari wangu ni upi. Halafu namwambia dada wa pembeni ananinong'oneza, naushika."

Kwa siku kumi aliushika. Siku ya kumi na moja mwalimu alianzia upande wa pili wa chumba. Zamu ikamfikia akiwa na mstari mwingine kichwani, akautamka huo, na chumba kizima kikajua.

"Kikajua nini?"

"Kwamba sijui."

Mwalimu yule wa kujitolea ninamfahamu. Ni kijana mpole, anawapenda watoto, na alibadilisha upande kwa nia njema, ili wa nyuma wasichoke kusubiri. Hakumcheka wala hakuruhusu wenzake wamcheke. Alimwambia "jaribu tena," kisha akasogea kwa anayefuata. Nilipomsimulia alinyamaza muda mrefu. Daftari lake halikuwa na chochote cha kumwonyesha mtoto yule alikuwa wapi, kwa sababu jaribio la siku ya kwanza lilitoa alama moja tu kwa kila mtoto, 29 kati ya 100, na alama 29 haimwambii mwalimu kesho aanzie herufi, silabi au neno.

Siku hizi siendi mahali popote bila kadi moja rahisi: upande mmoja herufi, chini yake maneno mafupi, kisha aya ya sentensi chache, kisha hadithi fupi. Unakaa na mtoto mmoja, mbali na wenzake, na unatafuta ngazi ya juu kabisa anayoiweza kwa raha. Dakika tano au sita kwa mtoto. Njia hii ilienea kutoka India, ambako tangu mwaka 2005 utafiti uitwao ASER umekuwa ukipita nyumba kwa nyumba kuwasomesha watoto kadi ya aina hiyo, na baadaye Kenya, Tanzania na Uganda zikawa na upimaji wa namna hiyohiyo kwa jina la Uwezo. Ninaipenda kwa sababu mzazi asiyejua kusoma mwenyewe anaielewa akiiona. "Mwanao anaweza maneno, bado aya." Hapo hakuna asilimia ya kufafanua.

India hiyohiyo ndiko kulikofanyika utafiti ambao kwangu ndio wenye kuelimisha kuliko wote kuhusu masomo ya baada ya shule yanayoendeshwa na jamii. Mwaka 2005 na 2006, katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, vijiji 280 viligawanywa kwa kura katika makundi. Kundi moja halikufanyiwa kitu. Kundi la pili lilipewa taarifa kwenye mikutano kuhusu haki za wazazi na kamati ya shule. La tatu lilipewa taarifa hizo na kufundishwa kuwapima watoto wao kusoma. La nne likapata hayo yote, na pia vijana wa kijijini waliojitolea wakafundishwa namna ya kufundisha kusoma, wakafungua madarasa nje ya saa za shule. Mikutano na taarifa peke yake havikubadilisha kitu kwa watoto. Madarasa ya vijana yalibadilisha. Mtoto ambaye hakujua hata herufi, akahudhuria, alikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa pointi 60 za asilimia, ya kuweza kusoma herufi mwishoni, ukimlinganisha na wa mfano wake kwenye kijiji kisicho na programu.

Ni mafanikio makubwa, na waliyapata vijana waliofundishwa kwa siku chache tu. Lakini utafiti huohuo unasema waliohudhuria walikuwa takriban asilimia 8 ya watoto. Hata kati ya wale wasiojua kusoma kabisa walikuwa kama asilimia 13. Maana yake kuna maswali mawili yanayoulizwa kama moja: mtoto aliyekuja alisaidika? Na watoto tuliowakusudia walikuja? Kituo changu nilipokitazama kwa kadi badala ya wastani, nilikuta jambo hilohilo kwa kipimo kidogo. Wale sita waliobaki kati ya wasiojua neno, wanne walimaliza mwaka wakisoma aya. Wanne kati ya sita! Wastani wa alama saba ulikuwa umelificha hilo, kama ulivyokuwa umewaficha wale kumi na mmoja walioondoka. Programu ilikuwa nzuri kwa watoto haohao iliokuwa ikiwapoteza.

Hili ndilo ninalowaambia wafadhili sasa wanapotaka namba moja ya kuweka kwenye jalada la ripoti. Namba moja haiwezi kubeba mambo hayo mawili.

Kuna tathmini moja kubwa inayotajwa kila watu wanapobishana kuhusu programu hizi. Marekani ilianza kugharimia vituo vya kujifunza vya jamii kwa sheria ya mwaka 1994, na fedha za serikali ya shirikisho zikapanda kutoka dola milioni 40 mwaka 1998 hadi dola bilioni 1 mwaka 2002. Tathmini ya kitaifa ilipoanza kutoa ripoti mwaka 2003, ilionyesha kwamba kwa wastani watoto wa shule za msingi waliopata nafasi kwa kura hawakuwapita wenzao katika alama za kusoma. Serikali ya wakati huo ikapendekeza kupunguza fedha hadi dola milioni 600, kukawa na ubishi mkali, na Bunge halikukubali. Ripoti ya mwisho ya mwaka 2005 haikubadilisha picha hiyo ya alama; ilichoongeza ni kwamba waliopata nafasi walijisikia salama zaidi baada ya saa za shule.

Nimesikia watu wakiitumia kusema programu hizi ni bure, na wengine wakisema utafiti ulikuwa na kasoro. Mimi nilipoisoma nilikwama kwenye jambo dogo: wale waliokosa nafasi walikuwa wapi alasiri? Wengi walikuwa nyumbani na mzazi au ndugu mkubwa. Wachache sana walikuwa peke yao. Kwa hiyo programu hazikuwa zikilinganishwa na mtoto aliyeachwa hivihivi mtaani, ingawa hiyo ndiyo picha inayochorwa kwenye barua za kuomba fedha. Zililinganishwa na mama, na shangazi, na kaka. Kisha ndani ya vituo vingi saa za masomo zilikuwa za kumalizia kazi za shule, na watoto wengi hawakuja kila siku. Mtoto asiyejua kusoma ukimsimamia afanye kazi za shule, utakuwa umemsimamia akishindwa. Kazi ikirudishwa imejazwa, mwalimu wa shule anaridhika, mzazi anaridhika, na mtoto yuko palepale. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi mno, na kama ningeruhusiwa kuondoa kitu kimoja tu kwenye vituo vyote ninavyovijua, ningeondoa hii desturi ya kuita usimamizi wa kazi za shule "kufundisha kusoma."

Baadaye Marekani huko walijaribu kuweka masomo yaliyopangwa vizuri ya dakika 45 ndani ya programu za alasiri, kwa watoto wa darasa la pili hadi la tano, yenye vitabu na mafunzo ya walimu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008 na 2009 yalikuwa ya kugawanyika: hesabu ilisonga mbele, kusoma hakukusonga. Sishangai. Hesabu ya kugawanya unaweza kuishughulikia kwa wiki mbili ukaimaliza. Kusoma kunakuja na kila kitu alichonacho mtoto, msamiati wake, hofu yake, lugha ya nyumbani.

Na mwaka 2010 mtafiti Joseph Durlak na wenzake walikusanya tathmini za programu kadhaa wa kadhaa zilizolenga tabia na mahusiano ya watoto, wakazigawa mafungu mawili. Zilizokuwa na mambo manne kwa pamoja, yaani hatua zinazofuatana, watoto wakitenda badala ya kusikiliza tu, muda uliotengwa kwa ajili ya stadi hiyo, na stadi yenyewe kutajwa wazi, zilileta mabadiliko. Zilizokosa mojawapo, kwa ujumla hazikuleta. Nimeyachukua mambo hayo manne kama miwani ninapokaa nyuma ya chumba. Nakaa na saa mkononi na karatasi yenye majina, na kila mtoto anapofungua mdomo kusema jambo la somo naweka nukta mbele ya jina lake. Hiyo tu. Baada ya saa moja kuna watoto wenye nukta kumi na mbili na watoto wenye karatasi safi. Karatasi hiyo nampa mwalimu mwenyewe, sisomi mbele ya kamati. Sijawahi kumwona mwalimu wa kujitolea aliyeipokea kwa hasira. Mara nyingi wananiuliza, "Kesho unaweza kuja tena?"

Fomu za kuridhika sizitupi, ila nimeacha kuziweka mbele. Kuna habari ambayo kila anayefanya kazi hii anapaswa kuijua. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts huko Marekani, mradi ulianza kuwasaidia wavulana kwa ushauri, masomo ya ziada, kambi za likizo na matibabu, kwa miaka mitano hivi. Waligawanywa kwa kura, jozi kwa jozi; 506 ndio waliofuatiliwa. Miaka 30 baada ya mradi kwisha, mtafiti Joan McCord aliwatafuta wakiwa watu wazima. Theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa, na baadhi waliwakumbuka washauri wao kwa mapenzi makubwa. Lakini walipolinganishwa na wenzao ambao hawakusaidiwa, walikuwa katika hali mbaya zaidi kwa vipimo kadhaa: pombe, maradhi, kurudia makosa ya jinai, hata kufa mapema. Aliyachapisha mwaka 1978. Uchambuzi wa baadaye ulielekeza kidole kwenye kambi za likizo, ambako wavulana wenye matatizo waliwekwa pamoja zaidi ya mara moja na kufundishana walichokijua.

Niliisoma habari hiyo mara ya kwanza nikiwa bado mwalimu, na nilikataa kuiamini kwa siku kadhaa. Shukrani za watu wale zilikuwa za kweli. Madhara pia yalikuwa ya kweli. Tangu hapo mzazi akiniandikia "nimeridhika sana" napokea kama salamu njema, kisha naendelea kutafuta.

Sitaki mtu wa kituo kidogo asome haya akaingiwa na woga. Walimu watano wa kujitolea na watoto hamsini hawawezi kufanya utafiti wa Jaunpur, na mfadhili anayewadai hivyo anawanyang'anya muda wa watoto. Nimeviona vituo ambako mwalimu anajaza fomu tatu kwa kila kipindi na hana dakika ya kukaa na mtoto. Daftari, kadi ya kusoma, na miguu ya kwenda nyumbani kwa mtoto aliyekosa mara tatu: kwa mwaka wa kwanza mimi siombi zaidi. Daftari liwe na safu moja ya ziada mwishoni, ya sababu. Na majina yasiingie kwenye ripoti. Mtoto aliyeandikwa "hajui herufi" akiwa na miaka tisa asije akayakuta maneno hayo mahali popote akiwa na kumi na tano.

Namba 31 alirudi mwaka uliofuata. Nilikuwepo siku hiyo. Yule kijana alikuwa ameacha kusomesha kwa zamu. Alikuwa amewagawa kwa ngazi ya kadi bila kujali darasa, vikundi vya watoto sita, na kikundi cha herufi kilikuwa na mtoto wa miaka sita na wengine watatu wenye umri wa namba 31. Alisimama mlangoni kitambo, akatazama nani amekaa wapi. Kisha akaenda kukaa kwenye kikundi cha maneno, ambacho hakikuwa chake. Kijana akamwona, akamwacha. Wiki ya pili akahamia mwenyewe kwenye herufi, wiki ya saba akarudi kwenye maneno, na safari hii palikuwa pake. Nilipompima mara ya mwisho alikuwa anaweza aya, kwa kidole, taratibu, na hataki nimsaidie.

Ripoti ya pili niliisoma mbele ya wazazi walewale. Nilianza na wale 19, kabla ya alama yoyote. Hakukuwa na makofi mengi, lakini watu walibaki baada ya mkutano wakitaja majina ya watoto na nyumba zao, na baba mmoja alijitolea kuwasindikiza wa njia ya mbali. Bibi alikaa mstari wa mbele.

Watatu bado sijawapata. Wawili nimeambiwa familia zao zilihama pamoja, na hakuna anayejua wapi. Wa tatu yuko kwa shangazi yake, nimeshapata maelekezo, na Jumamosi nitakwenda na kadi yangu.